Nguruwe aliyetoroka zizini ni mali ya nani, na nani ana ruhusa ya kumuua? Naomba michango kwenye rasimu ya kanuni

MtungaKanuni (mleta mada)

Wakuu, habari za humu.

Nina rasimu ya kanuni za kudhibiti nguruwe mwitu pamoja na nguruwe wa kufugwa waliotoroka. Sehemu kubwa ni mambo ya kawaida: ada, mamlaka ya wakaguzi, fomu. Vifungu vinne ndivyo vinavyonitia mashaka, na nimevinakili kama kamati ilivyoviacha:

Kif. 4: "Nguruwe mwitu ni nguruwe yeyote anayeonekana nje ya uzio, au mwenye manyoya marefu, pua ndefu au rangi ya mwitu."

Kif. 7: "Mtu yeyote anaweza kumuua nguruwe mwitu popote na wakati wowote, na atalipwa zawadi akiwasilisha mkia."

Kif. 9: "Mwenye nguruwe atawajibika kwa hasara ikithibitika kwamba alizembea."

Kif. 12: "Kila mfugaji atakuwa na uzio imara."

Ninataka kujua sheria za wenzetu zimeyatatua vipi mambo haya manne, na zaidi ya hapo, wapi zimeshindwa. Tafadhali mnipe maneno ninayoweza kuyaingiza kwenye rasimu, sio nadharia tupu.

---

Wakili_Shambani

Nianze na kif. 4, maana kikibaki hivyo vingine vyote vitaanguka navyo.

Kifungu hicho kinamvua mfugaji umiliki wa mnyama wake dakika ile anayovuka uzio. Hakuna mfumo wa sheria ninaoujua unaofanya hivyo kwa mfugo. Tangu sheria ya Waroma, mnyama wa mwituni aliyekamatwa akitoroka na akawa hafuatwi tena, anarudi kuwa hana mwenyewe. Mnyama wa kufugwa akipotea anabaki mali ya mwenyewe, na anayemchukua anaweza kushtakiwa kwa wizi.

Kanuni ya Madai ya Ujerumani, kifungu cha 960, imeligawa jambo hili vizuri. Mnyama wa mwituni aliyekuwa kifungoni akipata uhuru, anakosa mwenyewe pale ambapo mmiliki hakumfuata mara moja, au alimfuata kisha akaacha. Mnyama wa mwituni aliyezoeshwa anakosa mwenyewe akiacha tabia ya kurudi mahali pake. Nguruwe wa kawaida wa zizini hayumo kabisa kwenye kifungu hicho. Huyo ni mali kama ng'ombe.

Kwa hiyo unahitaji makundi matatu, sio moja:

(a) nguruwe wa kufugwa aliyetoroka, mwenye alama au mwenye mtu anayemdai;
(b) nguruwe mwitu au chotara wake aliyekuwa akifugwa kwa kibali, akatoroka;
(c) nguruwe anayeishi huru, asiye na alama wala mdai.

Kisha weka saa inayohesabika. Kundi (a) na (b): mwenye nguruwe atoe taarifa kwa afisa ndani ya saa 24 tangu alipojua, na aanze kumtafuta mara moja. Muda wa kumkamata uandikwe kwa siku, tuseme 7, na afisa apewe uwezo wa kuuongeza mara moja kwa maandishi. Muda ukipita, afisa anatoa amri ya kumwondoa, na gharama inabaki kwa mwenyewe. Zingatia kwamba umiliki wa kundi (a) haufi muda unapopita. Kinachokwisha ni haki ya kuzuia mnyama asiuawe. Ukiandika kwamba umiliki umekufa, umempa mfugaji mzembe mlango wa kutokea: atasema nguruwe hakuwa wake tena siku alipoharibu shamba.

Ontario, Kanada, imepita njia inayofanana na hii. Nguruwe mwitu na machotara wake waliingizwa kwenye orodha ya spishi vamizi (viumbe wa kigeni wanaoenea na kuleta madhara) zilizokatazwa kuanzia Januari 1, 2022, na mwenye nguruwe waliotoroka anatakiwa kuiarifu wizara na kuchukua hatua za kuwakamata. Taarifa ndiyo roho ya mpango wote. Mfugaji anayeogopa faini atanyamaza, kwa hiyo andika wazi kwamba aliyetoa taarifa kwa wakati hatozwi faini ya kutorokewa. Adhabu nzito iwe ya kunyamaza, na nzito zaidi iwe ya kuachia kwa makusudi.

---

DaktariWaZizi

Nakubaliana na Wakili. Naongeza kuhusu maneno "manyoya marefu, pua ndefu au rangi ya mwitu". Yafuteni kabisa.

Jimbo la Michigan, Marekani, lilijaribu njia hiyo. Amri yao ya spishi vamizi ya mwaka 2010 iliwalenga nguruwe mwitu na machotara wao, kisha idara husika ikatoa orodha ya sifa za kumtambulia kwa macho: rangi ya ncha za nywele, manyoya ya ndani, michirizi ya watoto, umbo la mifupa, mkia, masikio, na mwishoni kabisa "sifa nyinginezo". Wafugaji wa nguruwe wa asili wenye manyoya wakajikuta mifugo yao iko hatarini kuitwa haramu, na kesi zikaendelea miaka kadhaa hadi mahakama ya rufaa ya jimbo ilipoipa idara ushindi mwaka 2015. Serikali ilishinda, sawa, lakini kanuni inayohitaji miaka ya mahakamani ili ieleweke ni kanuni mbovu.

Kibaiolojia tatizo ni hili. Nguruwe mwitu na nguruwe wa kufugwa ni spishi moja, Sus scrofa, wanazaliana na watoto wao wanazaa. Kuhesabu kromosomu hakumalizi ubishi: nguruwe wa kufugwa ana 38, nguruwe mwitu wa Ulaya Magharibi mara nyingi 36, chotara wa kwanza 37, lakini nguruwe mwitu wa maeneo mengine ana 38 vilevile. Kipimo cha vinasaba kinasaidia kujua asili ya ukoo, ila nacho kinatoa kiwango cha uchotara, hakitoi "ndiyo" au "hapana". Ni sheria ndiyo itakayoamua kiwango gani kinatosha.

Ndiyo maana ni bora ufafanuzi usimame juu ya hali ya mnyama: yuko huru au yuko kizuizini, ana alama au hana, kuna anayemdai au hayupo. Hayo afisa anayaona bila maabara. Vinasaba viachieni kundi (b) pekee, kwenye kibali cha kufuga.

Jambo la pili ambalo rasimu imelisahau: andikeni jina la kisayansi. Ngiri (Phacochoerus) na nguruwe pori wa Afrika (Potamochoerus) sio Sus scrofa. Hao ni wanyamapori wa asili, wana sheria zao za uhifadhi, na hawatokani na zizi la mtu yeyote. Kanuni ikisema "nguruwe wa porini" bila jina hilo, mtu atamuua ngiri mbugani na kudai kifungu chenu kilimruhusu. Tena kwa homa ya nguruwe ya Afrika tofauti hii ni kubwa: ngiri hubeba virusi bila kuugua, na kupe laini wa jamii ya Ornithodoros wanaoishi kwenye mashimo yake huvieneza, wakati nguruwe wa kufugwa akiambukizwa mara nyingi hufa.

La tatu, na hili husahaulika karibu kila mahali: nguruwe aliyekamatwa akiwa hai asirudishwe kundini siku hiyo hiyo. Akiwa nje amekutana na nani, amekula mzoga gani, hakuna ajuaye. Brusela ya nguruwe (ugonjwa wa bakteria) na ugonjwa wa Aujeszky (wa virusi) hupita kwa kupandana na kwa kugusana pua, na huenda asionyeshe dalili yoyote. Masharti ninayopendekeza: karantini ya siku 30 kwenye banda lenye vyombo vyake na buti zake, damu ichukuliwe siku ya kuingia na tena kabla ya kutoka, na jike aliyetoroka ahesabiwe ana mimba mpaka ipimwe. Mimba ya nguruwe ni siku kama 114, hivyo kosa dogo la karantini linaweza kuzaa uzao mzima wa machotara ndani ya zizi.

Mwenye nguruwe akiona karantini ni ghali kuliko mnyama, aruhusiwe kumchinja mahali panapokaguliwa.

---

MtegoWaDuara

Kif. 7 ndicho kibaya kuliko vyote, samahani kwa kamati.

Kaangalieni jimbo la Tennessee, Marekani. Mwaka 1999 walifungua msimu wa kuwinda nguruwe jimbo zima bila kikomo cha idadi, wakidhani bunduki nyingi zitapunguza nguruwe. Wakati huo nguruwe walikuwa kwenye kaunti kama 15. Kufikia mwaka 2011 makundi yao yalikuwa yameonekana kwenye karibu kaunti 80 kati ya 95. Nguruwe hatembei kasi hiyo kwa miguu yake; wanaopenda kuwinda waliwabeba kwa magari na kuwaachia karibu na kwao. Mwaka 2011 jimbo likawaondoa kwenye orodha ya wanyama wa kuwindwa, likaruhusu wenye ardhi wawaondoe kwa masharti. Kansas na Montana zilikwenda mbali zaidi, zikapiga marufuku uwindaji wa starehe wa nguruwe, ili asiwepo mtu mwenye faida katika kuwepo kwao.

Zawadi ya mkia nayo ina historia. Kambi ya kijeshi ya Fort Benning, Georgia, ililipa kwa mkia mwaka 2007 na 2008. Idadi ya nguruwe haikushuka, na ikazuka shaka kwamba baadhi ya mikia ilitoka kwa wachinjaji, sio porini. Mkia hauna cheti cha kuzaliwa.

Kwa nini risasi za mtu mmoja mmoja hazisaidii? Majike huishi kwa makundi ya ukoo pamoja na watoto wao. Ukipiga wawili kati ya kumi na watano, waliobaki wanatawanyika, wanageuka wa usiku, na wanajifunza kuogopa chambo. Jike anaweza kubeba mimba kabla hajafikisha mwaka, huzaa mara nyingi watoto wanne hadi sita, akishiba huzaa zaidi. Makadirio yanayotumiwa sana kazini ni kwamba inabidi uondoe karibu asilimia 70 ya nguruwe kila mwaka ili tu wasiongezeke. Hakuna zawadi ya mkia inayofika hapo. Mwindaji anaacha pale nguruwe wanapoanza kuwa adimu, yaani pale kazi yenyewe inapoanza.

Kinachofanya kazi ni kuondoa kundi zima kwa pamoja, na kanuni iandikwe kuilinda kazi hiyo. Mtego wa zizi uwe wa duara, kipenyo mita 6 hadi 10, paneli za wavu wa chuma mzito zenye kimo cha mita 1.5, matundu ya chini yasizidi sm 10 ili watoto wasipenye. Usiwe na pembe: nguruwe waliobanwa kwenye pembe hupandana migongoni na kuruka juu. Juu pawe wazi ili mnyama mwingine aliyeingia kwa bahati mbaya aweze kuruka nje. Kabla ya kufunga mlango, chambo kinawekwa wiki moja au mbili mlango ukiwa wazi, kamera ikihesabu. Mlango unafungwa siku ambayo kundi zima liko ndani. Ukiwa na 12 ndani na watatu nje, subiri. Hao watatu wakiona mlango unaanguka hutawapata tena kwa mtego wa aina hiyo.

Hivyo kwenye kanuni mweke:

– mtego ulioamilishwa ukaguliwe angalau kila saa 24, na uwe na namba ya kibali;
– ni marufuku kupiga risasi au kuachia mbwa karibu na mtego wenye kibali kwa muda wote wa kibali (mita 500 kwa kuanzia; rekebisheni kulingana na ardhi);
– ni marufuku kumlisha nguruwe huru isipokuwa kwa chambo cha mtego wenye kibali;
– ni marufuku kusafirisha, kuuza, kumiliki au kuachia nguruwe huru aliye hai.

Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Kama rasimu itabaki na kifungu kimoja tu, kibaki hicho. Sheria ya Usalama wa Kibaiolojia ya Queensland, Australia, ya mwaka 2014 inamkataza mtu kumhamisha, kumlisha, kumgawa, kumuuza au kumwachia nguruwe mwitu bila kibali. Texas wanaruhusu kusafirisha waliotegwa wakiwa hai, ila kwenda machinjioni, kituo kilichoidhinishwa au shamba la kuwindia lililoidhinishwa tu, na mtegaji hawezi kuwaweka zaidi ya siku 7. Ukiniuliza mimi, mlango ule wa Texas ni mpana mno kwa eneo ambalo nguruwe bado wachache.

---

MtungaKanuni

Asanteni sana wakuu. Kif. 4 na 7 nimeshaona vinavyokwenda. Maswali mawili kwa Wakili:

1. Mkulima anamkuta nguruwe mwenye hereni sikioni akila mazao yake. Afanye nini kisheria, akiwa na bunduki mkononi na hasira kichwani?

2. Nani alipe pale ambapo nguruwe hana mwenyewe?

---

Wakili_Shambani

Swali la kwanza. Sheria ya Wanyama ya Uingereza ya mwaka 1971 ina mfano mzuri wa kuiga, na haihitaji risasi. Mfugo ukiingia kwenye ardhi yako bila mtu anayeuchunga, unaweza kuuzuia. Ndani ya saa 48 lazima uwe umeiarifu polisi, na mwenyewe pia kama unamjua. Ukikaa kimya, haki ya kuzuia inakufa. Unapouzuia unawajibika kuulisha, kuunywesha na kuutunza ipasavyo. Mwenyewe akija na kulipa hasara pamoja na gharama za matunzo, unamrudishia. Zikipita siku 14 bila malipo wala kesi mahakamani, unaweza kuuza sokoni au kwa mnada, ukate chako, kinachobaki ni cha mwenyewe. Ile haki ya kuua mnyama iliyomo kwenye sheria hiyo inahusu mbwa anayesumbua mifugo, haimhusu nguruwe.

Kwa rasimu yako: nguruwe mwenye alama asiuawe isipokuwa (i) anahatarisha mtu, (ii) mwenyewe au afisa ameruhusu, (iii) muda wa kumkamata umepita na amri imetolewa, au (iv) kuna tangazo la ugonjwa. Hereni ikitolewa sikioni baada ya kuua, liwe kosa la peke yake. Bila hilo kila nguruwe aliyeuawa atakuwa "hakuwa na alama".

Sasa kif. 9. Uingereza haimdai mlalamikaji athibitishe uzembe pale mfugo unapoharibu ardhi au mali iliyo juu yake. Kuingia na kuharibu kunatosha. Na mdaiwa hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba mkulima angejenga uzio wake, isipokuwa mkulima huyo alikuwa na wajibu wa kuujenga. Ujerumani nao wameweka dhima ya mwenye mnyama, lakini kwa mfugo wa biashara wanampa nafasi ya kujinasua akithibitisha alikuwa mwangalifu ipasavyo. Angalia mzigo wa kuthibitisha uko wapi: kote kuwili sio kwa mkulima. Rasimu yako inamtwika mkulima, ambaye hajui hata geti la jirani lilikuwaje usiku ule.

Kwa kundi (b) usitoe utetezi wowote wa uangalifu. Nguruwe mwitu yumo kwenye Sheria ya Wanyama Hatari ya Uingereza ya mwaka 1976. Anayemfuga anahitaji leseni, ukaguzi wa daktari wa mifugo, na bima ya hasara kwa watu wengine. Bima hiyo iingizeni. Faini kwa mfugaji asiye na kitu haimlipi mkulima hata senti.

Swali la pili. Ziko njia mbili kubwa. Ujerumani hasara ya nguruwe mwitu shambani hulipwa na ushirika wa wenye ardhi ya uwindaji, na mara nyingi mkataba unamhamishia mzigo huo mtu aliyekodi haki ya kuwinda. Mantiki yake ni kwamba anayefaidi nyama na starehe ndiye anayelipa. Mkulima anapaswa kudai ndani ya wiki moja tangu alipojua, la sivyo haki inapotea. Na mnyama akiwa ametoka kwenye eneo la kufugia wanyama wa kuwindwa lenye uzio, anayelisimamia eneo hilo ndiye anayelipa. Njia nyingine ni ya Italia, ambako sheria ya mwaka 1992 inasema wanyamapori ni mali ya taifa, na madai yanakwenda kwa mikoa.

Ukipiga marufuku uwindaji wa starehe, huna mtu aliyekodi haki ya kuwinda wa kumbebesha. Itabidi iwe mfuko, unaochangiwa na ada za vibali na faini. Uwekee ukomo kwa kila dai, na ueleze hasara inavyothibitishwa: taarifa ndani ya siku 7, picha zenye kitu cha kupimia, eneo lililopimwa kwa hatua au kwa simu, na afisa afike kabla shamba halijalimwa upya. Mazao machanga yathaminiwe kwa thamani yake ya wakati wa mavuno ukitoa gharama ambazo mkulima hatazitumia tena. Wengi huthamini kwa bei ya siku ya tukio, na hapo mkulima anapunjwa.

---

UzioSM45

Kif. 12: "uzio imara" ni maneno ambayo kila mtu atayatii kwa namna yake. Andikeni vipimo.

Nguruwe haruki uzio kwanza. Anaanza na pua. Anainua wavu kutoka chini, na pale panapolegea sm 20 mtoto ameshapita, mama atabomoa amfuate. Kwa hiyo chini ni muhimu kuliko juu. Kwa nguruwe wa kawaida: wavu wa nguvu wa sm 90 hadi 120, nguzo zisizopishana zaidi ya mita 4, waya wa miba au wa umeme chini kwa ndani. Kwa kundi (b): kimo mita 1.5 au zaidi, wavu ufukiwe sm 45, au pale penye mwamba ulazwe chini kuelekea ndani kama sketi ya sm 60 na kubanwa kwa vigingi. Kwa ndani waya wa umeme mbili, moja sm 20 na nyingine sm 45 kutoka ardhini, volti zisishuke chini ya 4,000 kwenye sehemu ya mbali kabisa na mashine inayotoa umeme wa uzio. Mkaguzi apime pale mbali, sio kando ya mashine ambako kila uzio ni mzuri.

Kwa kulinganisha, uzio ambao Denmark ilimaliza kuujenga mwaka 2019 kwenye mpaka wake na Ujerumani, karibu kilomita 70, una kimo cha mita 1.5 na umefukiwa nusu mita. Na bado una mapengo kwenye barabara na mito.

Mapengo hayo ndiyo yanayowatoa nguruwe hata mashambani: geti lisilo na kizingiti (weka zege au nguzo ya chini, pengo lisizidi sm 8), mfereji unaopita chini ya uzio (weka milango ya chuma inayoning'inia, iliyofungwa isiinuke kwa kusukumwa), mti ulioangukia wavu, na nyasi zilizogusa waya zikala umeme wote. Kanuni iseme: kagua mzunguko wote kila wiki na baada ya kila dhoruba, andika kwenye daftari, fyeka nusu mita kila upande. Daftari hilo ndilo ushahidi siku ya kesi.

Kuhusu alama: hereni peke yake haitoshi. Nguruwe wanatafunana masikio, na hereni inang'oka kwenye wavu. Wekeni hereni pamoja na tatuu ya sikio, au chipu kwa nguruwe wa kuzalisha. Na kila jike na dume wa kuzalisha awe na alama kabla hajafikisha miezi 3, maana wakitoroka wakiwa na umri wa kubeba mimba bila alama, mgawanyo wote wa Wakili wa (a) na (c) unakosa cha kushika.

---

MwenyeArdhi_Mbishi

Naomba nipinge kidogo. Mkipiga marufuku kila kitu, mwenye ardhi anayepoteza mazao atafanya mambo kimyakimya: atapiga, atafukia, na afisa hatapata taarifa wala sampuli. Marufuku ya uwindaji wa starehe sawa, lakini mwachieni mwenye ardhi njia halali ya haraka.

---

MtegoWaDuara

Hoja ni ya haki, na nakubali. Tofautisha starehe na kinga. Mwenye ardhi, au mtu aliyempa idhini ya maandishi, amuue nguruwe asiye na alama anayeharibu mali yake, kwenye ardhi yake, kisha atoe taarifa ndani ya saa 24 akitaja mahali, idadi na jinsia. Asilipwe, asilipishe mtu kuja kuwinda, asiweke chambo cha kuwavutia. Hapo soko halipati pa kuota.

---

DaktariWaZizi

Ila njia hiyo ya haraka isimame mara moja pakitangazwa eneo la ugonjwa. Hili liwe kifungu chake chenyewe, kinachopewa nguvu juu ya vingine.

Ubelgiji ilipopata homa ya nguruwe ya Afrika kwa nguruwe mwitu Septemba 2018, na Jamhuri ya Cheki mwaka 2017 kwenye eneo la Zlín, hatua ya mwanzo ilikuwa kufunga eneo kwa uzio, kusimamisha uwindaji ndani ili wagonjwa wasitawanyike, kutafuta mizoga, na baadaye ndipo waliobaki wakaondolewa na watu maalumu. Cheki walitumia hata walenga shabaha wa polisi. Nchi zote mbili zilifanikiwa kuufuta wakati ule, Cheki mwaka 2019 na Ubelgiji mwaka 2020. Virusi hivyo hukaa miezi kwenye mzoga, hasa pakiwa na baridi, kwa hiyo mzoga ulioachwa ni hatari kuliko nguruwe anayekimbia.

Maneno ya kuingiza: anayeona nguruwe aliyekufa asimguse, atoe taarifa siku hiyo, afisa achukue sampuli, mzoga utolewe kwenye mfuko usiovuja au ufukiwe hapo hapo kwa chokaa, buti, magurudumu na visu vioshwe kwanza kwa sabuni kisha dawa. Dawa juu ya tope haifanyi kazi. Na nyama ya nguruwe aliyeuawa nje ya eneo hilo isiliwe kabla ya kipimo cha minyoo ya Trichinella. Kuigandisha hakuaminiki kwa aina zote za minyoo hiyo.

---

MtungaKanuni

Nimeandika upya kiini chake. Nikosoeni:

"4. (1) Katika kanuni hizi nguruwe ni mnyama wa spishi Sus scrofa na chotara wake. (2) Nguruwe huru ni nguruwe asiye kizuizini, asiye na alama iliyosajiliwa, na ambaye hakuna taarifa ya kutoroka iliyotolewa juu yake. (3) Nguruwe aliyetoroka ni nguruwe asiye kizuizini mwenye alama au taarifa hiyo.

7. (1) Ni kosa kusafirisha, kuuza, kumiliki, kulisha au kuachia nguruwe huru aliye hai bila kibali. (2) Hakuna zawadi wala malipo kwa kuua nguruwe huru.

9. Mwenye nguruwe atalipa hasara iliyosababishwa na nguruwe wake nje ya kizuizi bila mlalamikaji kuthibitisha uzembe."

---

Wakili_Shambani

Karibu imekaa sawa. Marekebisho mawili.

Kwenye 4(2), ondoa tundu la taarifa ya uongo. Mtu atamwona nguruwe huru mnono, atoe "taarifa ya kutoroka", amchukue. Ongeza: taarifa iwe na namba ya alama, au uthibitisho mwingine wa umiliki kutoka kwenye daftari la zizi la kabla ya siku ya kutoroka.

Pili, huna kifungu cha mpito. Wenye nguruwe mwitu kizuizini leo watakuwa wahalifu kesho asubuhi, na njia rahisi ya kujinasua ni kufungua geti usiku. Ontario waliwapa waliokuwa wakiwafuga tayari hadi Machi 1, 2024, yaani zaidi ya miaka miwili. Wape muda wa namna hiyo kwa masharti: wajisajili ndani ya siku 60, wawahesabu na kuwawekea alama wote, wasizalishe wala kununua wapya, na kila anayepungua aelezwe kwa stakabadhi ya machinjio au taarifa ya kifo. Hesabu ya mwisho isipolingana na ya kwanza, pengo lihesabiwe kuwa ni kuachia hadi mfugaji athibitishe vinginevyo.

---

UzioSM45

Na kwenye huo muda wa mpito, ukaguzi wa uzio ufanyike mwezi wa kwanza. Wakisubiri mwishoni, mfugaji anayejua anafunga biashara hatakuwa ametengeneza hata nguzo moja.